Kapasita ya pF ngapi? Hesabu ya saketi ya koili na kapasita kwenye redio ya masafa ya kati

Fomula ya saketi ya koili na kapasita ni fupi na haina ugumu. Ugumu ni kwamba jibu lake ni kapasitansi yote iliyomo ndani ya saketi, wala si namba ya kapasita unayokwenda kuinunua dukani. Kati ya namba hizo mbili kuna pF (pikofaradi) kumi, ishirini, pengine zaidi, ambazo hakuna mtu aliyezilehemu pale. Zimo kwenye koili yenyewe, kwenye njia za bodi, kwenye miguu ya transista. Saketi ikiwa na kapasita ya pF elfu moja huzioni. Kwenye redio ya masafa ya kati, ndizo zinazoamua kama stesheni za upande wa juu wa skeli utazipata au utazikosa.

Fomula yenyewe ni hii, f ikiwa frikwensi, L induktansi ya koili, na C kapasitansi, yaani uwezo wa kubeba chaji:

f = 1 / (2π√(LC))

William Thomson, ambaye baadaye alikuja kujulikana kama Lord Kelvin, alikwisha kuifanya hesabu ya mtetemo huu mwaka 1853, redio ikiwa bado haijaota hata kwenye fikra za watu. Kapasita inamwaga chaji kupitia koili; mkondo unajenga uga wa sumaku; uga ukianza kufifia unausukuma mkondo uendelee mbele mpaka kapasita ijae tena, safari hii chanya na hasi zikiwa zimebadilishana; kisha mambo yanarudi yalikotoka. Koili ikiwa kubwa au kapasita ikiwa kubwa, safari inakuwa ndefu na frikwensi inashuka.

Ukigeuza fomula ili upate C:

C = 1 / ((2πf)² × L)

Hapo wengi hupotelea kwenye sufuri. Frikwensi iko kwenye mamilioni, L iko kwenye sehemu za milioni, C iko kwenye sehemu za milioni za milioni, na kosa la kidole kimoja kwenye kikokotoo linakupa jibu lililokosewa mara elfu. Kwa kazi za redio ni afadhali kuachana na herzi, henri na faradi kabisa, ukatumia hii:

C (pF) = 25,330 / (f² × L), ambapo f ni kwa MHz na L ni kwa µH.

Hiyo 25,330 ni 1/(4π²) baada ya sufuri zote kuwekwa mahali pake. Ibandike ukutani juu ya meza ya kazi. Inafanya kazi kinyumenyume vilevile: ukiwa na C na f, weka C mahali pa L na utapata L.

Tuijaribu kwenye kitu ambacho ukifungua redio ndogo ya transista utakikuta: vile vijikebe vya bati vya IF (frikwensi ya katikati ambayo redio hugeuzia kila stesheni), vyenye kiini cha rangi ya manjano, nyeupe au nyeusi, vinavyofanya kazi kwenye kHz 455. Kapasita iliyofichwa chini ya kijikebe mara nyingi ni ya pF 180. Mraba wa 0.455 ni 0.207. 25,330 gawanya kwa (0.207 × 180) ni 680. Kwa hiyo koili ya humo ni ya µH 680 hivi. Hesabu hii ndogo ina kazi kubwa kwa fundi. Kile kikapasita cha chini, kinachoonekana kama kijibomba cheupe au cha kahawia, huharibika kwa unyevu; madini yake ya fedha huliwa, redio inakwaruza na IF haipandi hata ukizungusha kiini mpaka mwisho. Kivunje taratibu kwa sindano, toa vipande vyote, kisha lehemu kapasita ya pF 180 upande wa nyuma wa bodi kati ya pini zilezile mbili. Usipovunja cha zamani na ukaongeza kipya juu yake, mabaki yake yataendelea kukwaruza na wewe utailaumu transista.

Sasa twende kwenye mraba, maana ndiko watu wanakoteleza. C inafuata mraba wa f. Kosa la asilimia 1 kwenye frikwensi ni kosa la asilimia 2 kwenye kapasitansi. Ukija kwa upande wa pili unapata nafuu: kapasita ya asilimia 5 inaisogeza frikwensi asilimia 2.5 tu. Lakini usiifurahie sana nafuu hiyo. Asilimia 2.5 ya kHz 1000 ni kHz 25, na kwa mpangilio wetu wa kHz 9 kati ya stesheni na stesheni, hizo ni karibu nafasi tatu. Ndiyo maana hakuna redio inayotoka kiwandani bila trima (kikapasita kidogo cha kurekebishia kwa bisibisi) na kiini cha kuzungusha. Hesabu inakufikisha mtaani, bisibisi ndiyo inayokufikisha mlangoni.

Kazi yenyewe basi. Una kapasita ya kuzungusha iliyotolewa kwenye redio mbovu, ile ya plastiki ya mraba yenye vyumba viwili, kimoja cha pF 140 na kingine cha pF 60. Unataka chumba cha pF 140 kifunike masafa ya kati yote, kHz 531 mpaka 1602, kwa koili ya kwenye fimbo ya feraiti, ile fimbo nyeusi ya antena. Koili iwe ya µH ngapi?

Njia ya mkato inayoonekana mitandaoni ni kuchukua pF 140 na kHz 531, ukatafuta L, ukaishia hapo. L inatoka 642. Ukiisuka koili hiyo, upande wa chini utapita hata unakotaka, utashuka chini ya 531, na upande wa juu utagota kabla ya 1602. Sababu ni kwamba hukuiuliza saketi ina nini kapasita inapokuwa imefunguka kabisa.

Anza na uwiano. 1602 gawanya kwa 531 ni 3.017, mraba wake ni 9.10. Maana yake kapasitansi yote ya saketi, kila kitu kikiwamo, lazima ibadilike mara 9.1 kutoka mwanzo wa skeli hadi mwisho. Sasa tazama mwendo wa kapasita: ikifungwa ni pF 140, ikifunguliwa hubaki kama pF 5, kwa hiyo mwendo wake ni pF 135. Vitu vilivyojificha haviwezi kuubadilisha mwendo huo, vinaongeza tu kiasi kilekile pande zote mbili. Kwa hiyo tafuta L kwa kutumia mwendo, usitumie namba ya juu peke yake:

L = 25,330 × (1/f₁² − 1/f₂²) / mwendo

1 gawanya kwa mraba wa 0.531 ni 3.547. 1 gawanya kwa mraba wa 1.602 ni 0.390. Tofauti ni 3.157. Zidisha kwa 25,330, gawanya kwa 135, unapata µH 592. Hiyo ndiyo koili yako.

Rudisha 592 kwenye fomula ya 25,330. Kwa kHz 531 saketi inadai pF 151.7. Kwa kHz 1602 inadai pF 16.7. Toa 5 za kapasita iliyofunguliwa, zinabaki pF 11.7 tu kwa ajili ya koili, bodi, transista na trima vikijumlishwa vyote. Kumi na moja nukta saba! Hiyo ndiyo bajeti, na ni ndogo sana.

Ukiipita bajeti hakuna ujanja wa koili utakaokuokoa. Tuseme vilivyojificha ni pF 25. Kapasitansi ya chini inakuwa 30, ya juu 165, uwiano 5.5, na kipeuo chake cha pili ni 2.35. Ukiilazimisha redio ianzie 531, itaishia 1245. Ukipunguza mizunguko ya koili ili ufike 1602, upande wa chini unaanza karibu na 683. Redio ya namna hii hurudishwa kwa fundi kila wiki na kila mara mtu anaongeza au kupunguza waya, wakati ugonjwa uko kwenye kapasitansi.

Kidokezo kwa wanaonakili michoro ya Kimarekani: wao nafasi ni kHz 10 na masafa yao yanakwenda mpaka 1700. L yao haitakuwa yako hata kama kapasita ni ileile.

Vilivyojificha vinatoka wapi hasa? Kwanza koili. Waya uliorundikwa tabaka juu ya tabaka una kapasitansi kubwa kuliko waya uliopangwa mstari mmoja, na waya uliosukwa moja kwa moja juu ya feraiti una zaidi ya ule uliosukwa juu ya bomba la karatasi linaloacha nafasi kidogo. Pili, nyaya ndefu kutoka koili hadi bodi, hasa zikisokotwa pamoja ili zionekane nadhifu. Unadhifu huo una gharama. Tatu, transista. Base, yaani mguu wa transista unaopokea mawimbi, haiunganishwi kwenye koili yote bali kwenye koili ndogo ya pembeni; uwiano ukiwa mizunguko 10 kwa 1, pF 100 za transista zinaonekana upande wa koili kubwa kama pF 1 tu, kwa kuwa hapa nako mraba unafanya kazi. Anayeunganisha base moja kwa moja juu ya koili kubwa ameila bajeti yote kabla hajaweka trima, na tena ameichosha koili kiasi kwamba stesheni mbili zitasikika kwa pamoja.

Usibahatishe, pima. Huhitaji kifaa cha kupima pF 8. Vipima vya bei nafuu na multimita za kawaida huyumba sana kwenye namba ndogo hivyo, na nyaya zao tu zinabeba kiasi kama hicho. Unachohitaji ni frikwensi mbili na kapasita moja unayoiamini.

Kusanya saketi ikiwa na koili na kila kitu kingine isipokuwa kapasita ya kuzungusha na trima zake. Tafuta frikwensi inayoitikiwa na saketi, iite fa. Kisha lehemu pF 100 sambamba na koili, tafuta tena, iite fb. Halafu:

C iliyojificha = 100 / ((fa/fb)² − 1)

Mfano: fa ikiwa MHz 2.312 na fb ikiwa MHz 0.6293, uwiano ni 3.674, mraba wake 13.5, toa 1 inabaki 12.5, na 100 gawanya kwa 12.5 ni pF 8. Sasa L nayo inapatikana palepale: 25,330 / (0.6293² × 108) ni µH 592. Kipimo kimoja, majibu mawili. Zimebaki pF 3.7 za trima, na trima ndogo zilizo mgongoni mwa kapasita ya kuzungusha zinaweza kuzitoa.

Namna ya kuitafuta hiyo frikwensi ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Usiunganishe probu ya osiloskopu kwenye koili. Probu ikiwa kwenye ×10 inaongeza kama pF 10 hadi 15, yaani zaidi ya kile unachokipima; ikiwa kwenye ×1 inaongeza karibu pF 100 na matokeo yote ni takataka. Badala yake, tengeneza vitanzi viwili vya waya, mizunguko miwili au mitatu kila kimoja. Kimoja kiunge kwenye jenereta ya mawimbi, kiweke karibu na ncha moja ya fimbo ya feraiti. Kingine kiunge kwenye probu, kiweke karibu na ncha ya pili. Zungusha frikwensi polepole mpaka wimbi kwenye skrini lifike kilele. Kisha sogeza vitanzi mbali mara mbili ya mwanzo na upime tena. Kilele kikihama, vitanzi vilikuwa karibu mno. Endelea kuvisogeza mpaka kisihame tena. Wenye NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia saketi za redio, wanaweza kutumia kitanzi kimoja tu na kutafuta pale mstari wa S11 (mawimbi yanayorudishwa) unapozama.

Ile pF 100 ya kupimia iwe ya kweli. Tafuta C0G, ambayo pia huandikwa NP0. Vile visahani vya seramiki vyenye alama nyeusi juu ndivyo. Hubadilika kwa sehemu 30 tu katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Aina nyingine za seramiki si hivyo: X7R imeruhusiwa kuyumba asilimia 15 katika masafa yake ya joto, na Y5V imeruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82. Saketi ya kutafutia stesheni yenye Y5V itahama kwa joto la mkono wako. Soma na msimbo vizuri: 101 ni 10 ikifuatwa na sufuri moja, yaani pF 100, 104 ni pF 100,000. Ukizichanganya, frikwensi inakosea mara 31.6, kipeuo cha pili cha elfu. Herufi inayofuata ndiyo uvumilivu: J asilimia 5, K asilimia 10, M asilimia 20.

Hesabu hiihii ya frikwensi mbili ndiyo iliyomo ndani ya vile vipima vya L na C vinavyojengwa kwa chipu ya LM311. Ndani kuna osileta (saketi inayozalisha mawimbi yenyewe), tuseme yenye µH 100 na pF 1000, inayotetema kwenye kHz 503.3. Ukiweka kapasita usiyoijua sambamba, frikwensi inashuka. Ikishuka hadi 475.0, mraba wa 503.3/475.0 ni 1.1227, toa 1, zidisha kwa 1000: pF 122.7. Hiyo ni kapasita ya 120 iliyo ndani ya uvumilivu wake. Kifaa kinaaminika kwa kadiri ile ya pF 1000 inavyoaminika.

Kuhusu upinzani wa waya: vitabu vitakuambia frikwensi halisi hushuka kidogo kwa sababu yake. Ni kweli, lakini hata Q (kipimo cha ubora wa koili) ikiwa mbovu ya 10 badiliko halizidi nusu asilimia, na koili ya feraiti ina Q kubwa kuliko hiyo. Achana nalo. Hangaika na pF zako.

Idadi ya mizunguko ya waya nayo ni suala la kipeuo. Suka mizunguko 50 ya majaribio, pima. Tuseme umepata µH 240. Kwa 592: 592/240 ni 2.467, kipeuo chake ni 1.571, mara 50 ni 78.5. Suka 82, kwa sababu koili ikirefuka juu ya fimbo L hupanda pungufu kidogo ya mraba, na kupunguza waya ni rahisi kuliko kuunga. Koili ikiwa katikati ya fimbo L ni kubwa kabisa. Ukiitelezesha kuelekea ncha inapungua. Ukitumia waya wa nyuzi nyingi, hakikisha kila uzi umeondolewa varnishi na umeshika risasi. Nyuzi mbili tatu zisiposhika, L haibadiliki lakini Q inaanguka, na utaitafuta hitilafu mahali ambapo haipo.

Chumba cha pF 60 ni cha osileta, na udogo wake una hesabu yake. Osileta inakaa kHz 455 juu ya stesheni, ili tofauti yao iwe ile IF, hivyo inatembea kutoka 986 hadi 2057. Uwiano ni 2.086 tu, mraba wake 4.35. Kwa mwendo wa pF 55, L inatoka µH 365, na kapasitansi ya chini inayodaiwa ni pF 16.4. Toa 5, zinabaki 11.4. Linganisha na 11.7 ya upande wa antena: karibu sawa. Walioibuni kapasita hii walipanga vyumba hivi viwili viende pamoja bila kapasita ya ziada ya mfululizo, ambayo redio za zamani zenye vyumba vilivyolingana haziwezi kuishi bila hiyo. Koili ya osileta ni kile kijikebe chenye kiini chekundu.

Kwenye kurekebisha, upande wa chini wa skeli gusa L, upande wa juu gusa C, na usigeuze utaratibu. Sababu iko kwenye namba. Kwenye 1602 saketi ina pF 16.7, hivyo pF 1 ya trima ni asilimia 6, na frikwensi inahama asilimia 3, kama kHz 48. Kwenye 531, pF 1 hiyohiyo kati ya 151.7 inahamisha chini ya kHz 2. Trima inatawala juu na karibu haina habari na chini. Anza na osileta, ndiyo inayopanga skeli: chini kiini chekundu, juu trima yake. Halafu antena: karibu na kHz 600 telezesha koili kwenye fimbo mpaka sauti ikaze, karibu na 1400 zungusha trima. Rudia mpaka kugusa upande mmoja kusiharibu mwingine. Duru tatu kwa kawaida zinatosha. Tumia kijiti cha plastiki au mwanzi uliochongwa, kwa sababu bisibisi ya chuma na kiganja chako vinaongeza pF zao, na ukiviondoa stesheni inahama.

Trima ya antena ikiwa imefunguliwa kabisa na sauti ingali inapanda unapoifungua, vilivyojificha vimezidi: fupisha nyaya, suka koili upya kwa tabaka moja. Ikiwa imefungwa kabisa na bado inataka zaidi, lehemu pF 4.7 au 5.6 ya NP0 sambamba nayo, kisha anza tena upande wa chini.